Ngazi Sita Zinazokwenda Ukutani

Ukipandisha kutoka sokoni Kasulu utaliona duka la zamani la tofali za kuchoma, mkono wa kushoto, lenye ngazi sita za saruji zinazopanda vizuri kabisa na kuishia ukutani. Hakuna mlango. Wageni husimama pale chini wakacheka, wakasema mwenye jengo alilewa au fundi wake alilewa. Hatukulewa. Mimi pombe niliiacha siku nyingi, na fundi wangu ni Msabato. Ngazi zile zina maelezo yake, ila nikiyaanza huwa yananipotea katikati, kwa hiyo nivumilie.

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kule Kitahana, Kibondo. Nyumba ya baba yangu ilikuwa na mlango mfupi, na mgeni, hata awe mkubwa namna gani, aliingia ameinama. Nilimuuliza baba kwa nini hainui mlango. Akasema anapenda kumwona mtu kisogo kwanza, uso baadaye. Sikumwelewa. Nalisema hili kwa sababu nimekua nikijua kwamba mlango ni wa mwenye nyumba, ataufanya anavyotaka, na anayeingia ndiye ajipange. Kama mtu anaanza na akili ya namna hiyo, usishangae akizeeka halafu akachanganyikiwa mbele ya binti wa halmashauri.

Jengo nililinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyetokea Ujiji, mwenye ndugu zake pwani. Yeye alikuwa akinunua maharage na asali kwa wakulima, na alilijenga juu makusudi, kwanza kwa sababu ya tope, pili, aliniambia mwenyewe bila aibu, kwa sababu alipenda mwenye mzigo amtazame kwa kuinua shingo. Sasa mtaa wetu unashuka. Upande wa chini, barabara imeshuka na jengo halikushuka nayo, kwa hiyo baraza likawa juu kama kifua cha mtu, na hapo ndipo palipokuwa na mlango wa duka na ngazi tano. Upande wa juu barabara na baraza vinakaribia kulingana, unainua mguu kidogo tu. Chumba cha upande huo kilikuwa stoo yangu, hakikuwa na mlango wa nje, kilikuwa na dirisha tu. Halafu yule bwana alijenga kwa awamu mbili, kwa hiyo sakafu ya stoo ilikuwa juu kuliko ya duka kwa kimo cha tofali moja, na baraza nalo hivyohivyo, katikati pana kidato cha kukukwaa ukiwa huangalii.

Pembe ya juu, chini ya lile dirisha la stoo, ndiyo ilikuwa ya fundi cherehani.

Huyu mama miguu yake haikuwahi kumbeba. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, wakalima Makere, na siku hizi ni Mtanzania mwenye karatasi kuliko mimi, maana mimi cheti cha kuzaliwa sina. Kila asubuhi alikuja kutoka chumba alichopanga hapo jirani, na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, akaisogeza mpaka ikagusa ukingo wa baraza pale panapolingana na barabara, akateleza kutoka kwenye kiti hadi kwenye mkeka wake. Cherehani yake ni ya mkono, ya kuzungusha gurudumu, imewekwa juu ya kasha la chini. Akitaka uzi au sabuni kutoka dukani, nilimpitishia dirishani. Miaka kumi na minne. Siku ya kwanza nilimwambia mbele ya mama yake, hapa ni pako mpaka nife, na kwa neno hilo mama yake aliuza mbuzi akamnunulia ile cherehani. Mama mtu ameshafariki. Neno limebaki kwangu.

Na hakuwa na pengine pa kwenda. Mafundi wengine walishona kwenye mabanda ya sokoni chini, na njia ya kule masika ni tope tupu, hata mtu mwenye miguu anavua viatu. Akitoka pale kwangu, ni kurudi Makere kushona sare za watoto wa jirani. Hilo alilijua yeye na nililijua mimi.

Basi. Mwaka ule kabla Warundi hawajaanza kumiminika tena kambini, nilitaka kitu kimoja tu, kuvunja ukuta wa katikati ili duka na stoo viwe chumba kimoja. Maduka mapya yalikuwa mapana, watu wanaingia wanatazama sufuria kwa mikono yao. Kwangu walisimama kwenye kaunta kama wako polisi. Nikaambiwa siku hizi huvunji ukuta wa duka mjini bila kibali. Nikamlipa kijana mmoja anayejua kuchora, akachora, nikapeleka halmashauri.

Aliyeshika mambo ya majengo alikuwa binti wa kutoka mbali, anavaa buti hata siku za jua. Baada ya wiki akaniita.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Mchoro wako nimeuona. Ukuta hauna tatizo. Tatizo ni ngazi."

"Ngazi sizigusi, mwanangu. Ngazi ziko nje, ukuta uko ndani."

"Ndiyo. Huzigusi. Hilo ndilo tatizo."

Nikakaa kwenye benchi. Akanieleza polepole, na nitamsifu kwa hilo, hakupaza sauti kama wale wanaodhani kutojua kusoma ni uziwi. Alisema jengo la zamani ukiliacha lilivyo hakuna anayekuja kukusumbua. Lakini ukiomba kulibadilisha, na ni mahali ambapo watu wote wanaingia kununua, basi lazima mtu mwenye ulemavu naye aweze kutoka barabarani mpaka kwenye kaunta bila kubebwa.

"Kwa hiyo nisingeomba, ngazi zangu zingekuwa halali?"

"Zingekuwa za zamani."

"Na nikiomba?"

"Zinahesabika kama za leo."

"Lakini ni zilezile!"

"Ni zilezile babu."

Nakuapia nilitoka pale nimeshika mlango wa ofisi nikausukuma wakati unavutwa. Alikuwa ameniambia pia habari ya mteremko wa saruji, kwamba kwa kila kipande kimoja cha kupanda uende mbele vipande kumi na viwili. Nikarudi na kamba, nikapima kuanzia baraza langu la kimo cha kifua. Kamba ikavuka barabara, ikaingia kwenye bucha la jirani na kuishia kwenye gogo lake la kukatia nyama. Jirani akaniuliza nataka kilo ngapi.

Nikapanda basi nikaenda Kibondo. Huko nina rafiki tuliyetahiriwa naye pamoja, ana nyumba ya kulala wageni, na nilisikia naye alivunja ukuta. Nilitaka anieleze alipitaje. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe ulikwenda kuomba? Nani alikutuma? Mimi ukuta wangu nimeuvunja Jumapili tano, watu wakiwa kanisani. Kidogo kidogo, kama panya."

Akaniingiza ndani nikauone. Sakafu ya huku juu, ya kule chini, katikati shimo, na mgeni mmoja akapita mbele yetu na ndoo ya maji akajikwaa palepale. Rafiki yangu akasema, "Huyo ni wa tatu leo," kwa furaha kabisa. Nilirudi Kasulu sijui nimwonee wivu au nimwonee huruma. Halafu mimi barua yangu ilikuwa imeshaingia. Huwezi kwenda kuiambia ofisi, naomba mnisahau.

Sasa naeleza jambo ambalo silipendi. Binti alisema atakuja kuona mwenyewe mahali ambapo njia inaweza kupita. Mimi nikafikiri hivi: njia ya mbele haiwezekani, ataangalia pembe ya juu, na pembe ya juu atamkuta fundi cherehani, na atasema aondoke. Akikuta patupu, labda hataangalia sana. Usiniulize akili hiyo niliitoa wapi. Jioni nikamwambia mama wa watu, "Kesho pumzika. Nitapaka chokaa." Akanitazama, akatazama ukuta ambao sijaupaka chokaa miaka yote, akasema haya mzee.

Binti akaja na buti zake na futi ya chuma inayojivuta yenyewe. Akapima ngazi, akatikisa kichwa. Akapanda upande wa juu, akainama. Pale sakafuni palikuwa pameng'aa duara moja, mahali alipokaa mtu miaka kumi na minne, na kwenye ufa wa saruji palijaa vipande vya uzi vya kila rangi.

"Hapa anakaa nani?"

"Hakai mtu," nikasema.

Hapohapo akatokea mwanamke mmoja na sketi ya sare begani, akaita kutoka barabarani kama Waha tunavyoitana, "Yemwe mzee, fundi wako yuko wapi leo? Yule wa kukaa hapo! Hii zipu imemshinda mtoto!"

Binti akafungua daftari. Aliandika tu.

Kesho yake fundi akarudi. Akateleza mkekani, akafunua cherehani, akavuta uzi mdomoni, ndipo akasema bila kunitazama, "Jana sikuwepo, au jana sikutakiwa?"

Nikamweleza yote. Barua, ngazi, kamba na bucha, rafiki wa Kibondo, na ule uongo. Alinisikiliza akizungusha gurudumu polepole bila nguo ndani. Nilipofika kwa mtu mwenye ulemavu anayetakiwa kufika kwenye kaunta, akasimamisha mkono.

"Mzee, dukani kwako mimi nimeingia mara ngapi?"

Mara ngapi? Sijawahi hata kuwaza. Kitu alichotaka nilimpa dirishani. Kichwani mwangu alikuwa mtu wa duka langu kabisa, kumbe hajui hata rafu zangu ziko upande gani.

"Na mnatafuta njia," akasema. "Mimi kila siku napandia wapi?"

"Hapo."

"Basi fungueni mlango hapa. Hilo dirisha lishusheni mpaka chini. Mnahangaika na kamba mpaka bucha wakati mlima wenyewe umeshawafikisha."

Nikalitazama dirisha, nikautazama mlima. Halafu furaha ikanijaa, halafu ikanitoka, kwa sababu niliona mwisho wake. "Sasa mlango ukiwa hapo, wewe utakaa wapi?"

"Hilo ni swali lako mzee. Mimi nimejibu la kwanza."

Kijana akachora upya. Binti aliupenda mchoro ule, akaja na chaki kuonyesha penyewe. Mlango mpana, bila kizingiti. Kimteremko kifupi cha saruji pale pa kuinua mguu. Sakafu ya ndani isawazishwe, ya chini iinuliwe ilingane na ya juu, na baraza nalo lote, kile kidato kife. Nikauliza kama naweza kubakiza na mlango wa zamani. Akasema naweza, ila macho yangu siku hizi hayatoshi kulinda milango miwili, nikaamua wa zamani uzibwe. Halafu akachuchumaa mbele ya mlango ambao haujakuwepo, akachora duara kubwa sakafuni. Ndani ya duara, akasema, pasiwekwe kitu chochote.

Duara lilipita chini ya mkeka na kutokea upande wa pili. Fundi aliinua kasha lake kidogo ili chaki ipite.

"La nini hili?" nikauliza.

"Kiti cha magurudumu kinageukia hapa."

"Kiti cha nani?"

"Cha mtu yeyote mwenye ulemavu."

"Mwanangu, mtu yeyote mwenyewe ndiye huyu! Amekaa katikati ya duara lako!"

Binti akamtazama fundi, na kwa mara ya kwanza nilimwona naye amechanganyikiwa. Akasema taratibu, "Mama, naelewa. Lakini akija mwingine?"

Fundi akasema, "Akija mwingine ageuke. Mimi sijakataa." Akaanza kukunja mkeka kuanzia kwenye ukingo. Nilitaka kuichukua ile barua niimeze. Unamtengenezea mtu njia, na kitu cha kwanza njia inachofanya ni kumfukuza. Nani alikuwa amekosea? Binti hakukosea, nilitafuta kosa lake sikuliona. Mimi nilikosea, lakini si hapo.

Fundi mwashi nilimtoa Kibondo, kwa sababu alikuwa na sifa ya niru. Kama hujui niru, ni ile saruji laini yenye rangi inayopigwa juu ya sakafu na kusuguliwa mpaka unajiona uso. Sebule za watu wenye uwezo zina niru. Aliinua sakafu ya duka, akainua baraza, akaweka pima maji kila baada ya hatua mbili, ngazi za zamani zikalazimika kuongezwa moja zikawa sita, kwa sababu baraza limepanda. Nikamwambia, mlango unazibwa, ngazi za nini? Akasema baraza la juu bila ngazi mtu ataanguka, na tena ngazi zenyewe nzima, kuzivunja ni dhambi. Akaongeza.

Akafika kwenye ule mteremko. Nilimweleza ni wa nani na ni kwa ajili ya nini. Akavua kofia. Akasema basi huu tutaupiga niru nyekundu, kwa heshima yao. Nami nikasema ndiyo, tena piga mara mbili. Tulisugua siku nzima, tukamalizia na nta. Jirani wa bucha akaja kutazama, akasema hata mkuu wa wilaya hana kitu kama kile.

Asubuhi ikanyesha. Nilikuwa wa kwanza. Niliweka mguu kwa fahari, na kitu kilichofuata naitazama anga nikiwa barabarani, kofia yangu iko kwa jirani. Nyuma yangu akaja fundi cherehani na baiskeli yake. Alizungusha kwa nguvu, magurudumu yakapanda nusu, halafu yakaanza kurudi kinyumenyume taratibu, yeye ameshika vishikio akizungusha kwenda mbele na baiskeli inakwenda nyuma. Mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anacheka hadi machozi.

"Mzee! Mlisema mnanifungulia njia, au mmeniwekea mtego wa panya?"

Binti alipokuja, aliigusa ile niru kwa kidole cha buti, akasema ikwaruzwe yote. Mwashi alikataa. Alisema hajawahi kuharibu kazi yake kwa mkono wake. Ikabidi mimi nishike patasi, naye akakaa upande wa pili wa barabara amegeuza mgongo, na kila nilipogonga alishtuka. Ukitazama vizuri leo utaona wekundu kidogo kwenye mikwaruzo.

Mlango ukawa mlango. Siku ya kufungua, fundi cherehani alipanda mteremko bila shida, akavuka pale ambapo pangekuwa na kizingiti na hapakuwa nacho, akaingia dukani kwangu. Akasimamisha baiskeli katikati. Akatazama sufuria zilizoning'inia, akatazama rafu, akageuka akatazama, kwa upande wa ndani, pale palipokuwa na dirisha. Akasema, "Kumbe sabuni unaiweka karibu na chumvi."

Nilimpangia nafasi ndani, karibu na kaunta. Niliona nimetimiza neno langu kuliko nilivyolitoa. Juani nimemtoa, mvuani nimemtoa, tena yumo ndani. Akashona siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mzee, humu kuna giza. Sindano naiona kwa kubahatisha. Na wanaoingia wanaongea na wewe. Nje walikuwa wananiona wanakumbuka nguo zao. Humu wananikumbuka wakishatoka." Wateja walikuwa wameanza kupungua kweli. Akasema mwisho wa wiki ndugu yake atakuja na toroli kuchukua cherehani, arudi Makere. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilimwomba akae kwenye pembe yake ya zamani, duara la chaki si limeshafutika? Akanitazama kama anamtazama mtoto mjinga. "Na akija mwingine?" Akanijibu kwa maneno ya yule binti, na alimaanisha.

Wakati huo watu walikuwa hawajauzoea mlango mpya. Miguu yao ilikuwa inajua ngazi. Mtu anatoka sokoni kichwa chini, anapanda ngazi tano, anashangaa ya sita, anainua kichwa, yuko na ukuta. Wengine walipiga hodi. Walipiga hodi ukutani, nakuambia, na kusubiri wajibiwe. Mimi mwenyewe mwenye jengo nilipanda asubuhi mbili na ufunguo mkononi, nikautafuta mlango kwa kupapasa.

Siku moja kabla ya huyo ndugu kuja, tukasikia hodi, hodi, na ngumi ukutani. Mimi nilikuwa na mteja. Fundi akasema acha, nitamwambia. Akatoka kwa baiskeli yake mlangoni, akapita juu ya baraza kwenda upande wa chini. Nilimwona akielekea huko na sikushtuka. Nilishtuka baadaye. Upande ule hakuwahi kufika maisha yake, kidato kilikuwa kinamzuia. Sasa kidato kimekufa na baraza limenyooka.

Hakurudi. Nilipomaliza na mteja nikatoka kumtazama. Aliyekuwa anapiga hodi alikuwa yule mwanamke wa zipu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya pili kutoka juu, miguu imenyooka, anaongea, na fundi ameteremka kwenye baiskeli amekaa barazani, anampima bega. Vichwa vyao vililingana. Wawili wengine walikuwa wamesimama barabarani chini, wameegemeza viwiko kwenye baraza kama mtu anavyoegemea dirisha la benki, na nyuso zao nazo zilikuwa palepale usawa wa uso wake.

Akaniona. "Mzee," akasema, pini ziko mdomoni, "miaka kumi na minne kule juu nimekuwa naongea na magoti ya watu. Sikujua nyuso zao zinafananaje karibu."

Nikamuuliza habari za toroli.

"Toroli la nini? Niletee kasha langu hapa."

Nikalibeba mwenyewe, na mgongo wangu huu. Ndugu yake alipofika kesho yake alikuta dada yake amekaa ameegemea ukuta mpya, mahali pa mlango wangu wa zamani, watu watatu wamekaa kwenye ngazi wanasubiri zamu. Toroli lilirudi Makere limebeba sufuria mbili nilizompa asikasirike.

Binti akaja ukaguzi wa mwisho. Alitoka sokoni anasoma karatasi, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kule juu namsubiri, nimevaa koti. Akapanda ngazi. Moja, mbili, anasoma. Ya sita. Akainua kichwa akakutana na tofali.

Fundi hakucheka. Alisema kwa adabu zote, "Mlango uko kule mama, ulikouchora."

Binti akageuka. Halafu akaketi kwenye ngazi, akatazama barabara, akatazama baraza lilivyonyooka mpaka kwangu, akamtazama fundi usoni bila kuinama. Aliandika muda mrefu. Akauliza, "Hii suruali unaweza kuipunguza urefu? Inaingia kwenye buti." Akasaini karatasi yangu palepale juu ya goti, huku fundi ameshika upindo anaweka pini.

Karatasi ninayo, iko kwenye bati la biskuti. Nimemwomba mjukuu anisomee mara nyingi na bado sijui ni wapi imeandikwa kwamba huyu mama akae pale. Haikuandikwa. Mchoro wote ulikuwa unamtoa mahali, hakuna mstari unaompeleka pengine, na yupo. Nikilifikiria sana kichwa kinauma. Asubuhi natoka nyumbani na ufunguo, nawaza mambo yangu, napanda ngazi sita, nanyoosha mkono.

"Kule, mzee," anasema fundi, na gurudumu la cherehani halisimami.